Mawaridi ya jangwani ya kando ya barabara ya Bububu

Miche ya kitalu cha kando ya barabara ya Bububu, Zanzibar, ningenunua tena, ushauri wao sitaki hata bure. Nilichukua mawaridi ya jangwani mawili, shilingi 15,000 kila mche, maua mekundu kingoni, meupe kati. Kijana wa kitaluni akaniambia, "Mwagilia kila siku, bi mkubwa." Nami nikamsikiliza! Masika hayajesha, shina lile nene la chini limelainika kama embe lililovunda. Wa pili niliuwahi: nikakata palipooza, nikauanika kivulini wiki nzima, ndipo nikaupanda kwenye mchanga uliochanganywa na changarawe. Sasa una vitumba vinne. Nimeuweka juu ya ukuta, maana utomvu wake ni sumu na mbuzi wa jirani hachagui.