Jezi ya kikapu ya Mutombo ya mtumba, soko la Mlango Mmoja Mwanza: huu mwezi wa nne tangu nianze kuivaa

Niliikuta jumamosi asubuhi pale Mlango Mmoja, jamaa ndo kwanza anafungua belo, jezi ya Atlanta Hawks, timu ya kikapu ya Marekani, ile yenye mwewe mkubwa kifuani, mgongoni MUTOMBO 55. Akaanzia elfu 25, tukavutana mpaka 15, nikatoa hela fasta asije akaghairi.

Namba na jina vimeshonwa, sio vile vya kubandika na pasi, naifua kwa mkono kila wiki na hakuna uzi ulioachia. Kitambaa kizito, jua la mchana linakuchemsha kabisa ila jioni upepo wa ziwani ukianza kupiga ndo raha. Kasoro ni tundu kwapani, na muuzaji alilijua maana upande huo alikuwa kaukunjia ndani, hilo liliniuma. Fundi kaziba kwa buku.

Sasa madogo kiwanjani wananiuliza huyu nani, mbona sio Jordan. Jamani mi nacheza senta, najua kazi ya kukaa chini ya ringi mechi nzima unagombea rebaundi, yaani mipira iliyokosa ringi, na hakuna anayekushangilia. Huyu Dikembe Mutombo katoka Kinshasa, kaingia NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, 1991, kacheza misimu 18 mpaka ana miaka 42, goti ndo likamsimamisha 2009 kwenye mtoano. Wastani wake wa pointi haufiki hata 10 kwa mechi! Lakini bloki, yaani kuzuia mpira wa mtu anayefunga, anazo 3,289, tangu ligi ianze kuzihesabu 1973 yupo juu yake Hakeem Olajuwon peke yake, na beki bora wa mwaka kachukua mara 4. 1994 akiwa na timu ya Denver wameingia mtoano wakiwa wa nane, wamefungwa mechi 2 za kwanza na Seattle waliokuwa wa kwanza, wakashinda 3 mfululizo, mwishoni yeye kalala chini kashika mpira juu ya kichwa kwa furaha, mi ile picha hainitoki. Ubingwa hakuwahi kupata, fainali kafika mara 2, ila hospitali kajenga kwao, ikafunguliwa 2007, kaipa jina la mama yake. Alipofariki 2024 niliumia kama ndugu yangu.

Kwa hiyo ndio, elfu 15 ni halali kabisa. Imeandikwa XL ila inakuja pana, mi wa futi sita inanifika mapajani, kama we mfupi tafuta L. Na nenda kabla ya saa tatu, wauzaji wengine wakishachagua unabaki na za mpira wa miguu tu, na kwapani ukague mwenyewe.