Viwanja vya mradi Bagamoyo kwa malipo ya awamu: tathmini kwa anayenunua kufanya biashara

Ukitoka Bunju ukaingia Mapinga, mabango yanaanza: viwanja vimepimwa, hati ipo, kianzio kidogo. Yanakusindikiza Kerege, Zinga na Kiromo mpaka Makofia, inakochepuka njia ya Msata. Rangi za mabango hutofautiana, bidhaa ni ileile. Kampuni inanunua mashamba ya wenyeji, inayakata vipande vya mita za mraba 400 hadi 1,000, kisha inamuuzia mteja kwa kianzio na marejesho ya mwaka au zaidi.

Tumeipima bidhaa hii kwa jicho la mtu anayekusanya viwanja na nyumba za kupangisha kama mtaji. Anayetafuta pa kujenga kwake ana mahitaji mengine: anaweza kukaa kwenye nyumba yake huku akisubiri hati. Mfanyabiashara hana nafasi hiyo. Kiwanja kisicho na hati kwa jina lake benki haikipokei kama dhamana, na mnunuzi makini atakishusha bei. Kwa hiyo swali letu halikuwa mita ya mraba ni shilingi ngapi. Tuliuliza hati inatoka lini, na inatoka kwa jina la nani.

Tuanze na panapostahili sifa. Zamani shamba liliuzwa kwa hatua: ekari ni 70 kwa 70, na urefu wa miguu ya anayepima ndio ulioamua ukubwa wa mali. Hatua yenye sentimita 80 inakupa mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136. Ekari kamili ni 4,047. Mnunuzi alilipia ekari akakabidhiwa pungufu ya zaidi ya moja ya tano, na wote wawili waliamini wametendeana haki. Mradi umeondoa tatizo hilo. Unalipia mita za mraba zilizoandikwa, kona zina namba, na njia zimetengwa kwenye mchoro. Mtu mwenye milioni chache anaweza kuingia sokoni bila kusubiri aikusanye bei nzima. Hili ni jambo kubwa na tunalipa alama zake zote.

Shida iko kwenye neno "kimepimwa". Wauzaji wengi hulitumia kwa hatua tatu zilizo mbalimbali kabisa. Kwanza huwa kuna mchoro wa mipango miji, unaopanga wapi makazi, wapi barabara, wapi shule au eneo la wazi. Ukishapitishwa, mpimaji anasimika bikoni, yaani alama za mipaka, na kuandaa ramani ya upimaji, ambayo nayo lazima iidhinishwe na kusajiliwa. Baada ya hapo ndipo hati ya kiwanja kimoja kimoja inaandaliwa. Bikoni zikiwepo ardhini hazithibitishi kwamba ramani imeidhinishwa. Inaweza kukwama kwa sababu kipande kinaingia kwenye upimaji mwingine, au kwa sababu kampuni imekata viwanja mahali mchoro ulipotenga shule. Mteja anaendelea kulipa marejesho kila mwezi huku kiwanja chake, kwa maana ya kisheria, hakijazaliwa.

Kwa hiyo usiridhike na picha ya hati kwenye simu ya afisa mauzo. Omba namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, namba ya kiwanja na kitalu, na nakala ya hati mama, yaani hati ya shamba zima kabla ya kukatwa, kama ipo. Nenda navyo idara ya ardhi ya halmashauri, kisha fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa, ambayo kwa Pwani iko Kibaha. Upekuzi unakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, miaka iliyobaki, na kama kuna zuio au rehani. Mstari wa rehani usomwe mara mbili. Kampuni ikiwa imekopa kwa hati mama, benki ndiyo yenye haki ya kwanza, na risiti zako za marejesho hazitaitoa benki hapo. Kampuni iliyo safi haitakasirika ukiomba muda wa kufanya upekuzi kabla ya kianzio. Ukiambiwa ofa inaisha leo jioni, iache iishe.

Upande wa Fukayosi na Makurunge ongeza uangalifu, kwa kuwa huko bado kuna ardhi ya vijiji. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na muhuri wa mtendaji wa kijiji peke yake hauigeuzi kuwa kiwanja chenye hati. Lazima ihawilishwe, yaani ihamishwe kisheria kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya kawaida, kazi yenye hatua nyingi. Muuzaji akisema uhawilishaji unaendelea, maana yake ni kwamba anakuuzia shamba kwa bei ya kiwanja.

Saitini, inama uitazame bikoni yenyewe. Iliyosimikwa vizuri ni kipande cha nondo katikati ya zege, na namba imechorwa zege likiwa bichi. Namba hizo ziwiane na zilizo kwenye ramani, kona zote nne. Zege likiwa jeupe bado na udongo wa pembeni umelegea wakati unaambiwa upimaji ni wa miaka mitatu iliyopita, uliza kilichotokea. Huenda ile ya zamani ilichimbuliwa na jirani asiyekubali mpaka.

Kosa jingine la kila siku ni kuingiza kwenye simu namba za mahali (koordineti) zilizo kwenye ramani na kwenda kusimama mahali simu inapoonyesha. Ramani nyingi za upimaji nchini zimeandaliwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, na simu inatumia mwingine, WGS 84. Ukiziingiza bila kuzigeuza, unasimama karibu mita 300 kutoka kwenye kiwanja chako. Hata ukizigeuza sawasawa, simu yenyewe inakosea mita kadhaa, na kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 hizo zinatosha kukujengea ukuta kwa jirani. Mlipe mpimaji aliyesajiliwa ambaye hakuletwa na muuzaji, akufufulie mipaka, yaani aitafute upya ardhini kwa kufuata ramani, kabla hujamaliza malipo.

Sasa hesabu ya awamu, ambayo wengi huiruka. Chukulia mfano: kiwanja cha mita za mraba 600, bei ya awamu 12,000 kwa mita, bei ya taslimu 10,500. Kwa awamu unalipa 7,200,000, kwa taslimu 6,300,000. Kianzio cha asilimia 30 ni 2,160,000, na kinachobaki ni 420,000 kila mwezi kwa miezi 12. Afisa mauzo atakwambia hakuna riba. Lakini ungekuwa na taslimu, baada ya kianzio kile ungebakiza deni la 4,140,000 tu, na unalilipa kwa 5,040,000. Kwa kuwa deni linapungua kila mwezi, hiyo ni kama riba ya asilimia 3.2 kwa mwezi. Linganisha na mkopo wa chama chako cha akiba kabla hujasaini. Mara nyingi kununua kimoja kwa taslimu kunamweka mfanyabiashara pazuri kuliko kushika vitatu vya awamu, maana mwezi mmoja mbaya unaviyumbisha vyote vitatu.

Kuna na gharama zisizo kwenye bango: kuandaa hati, wakili, uthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 1 pale umiliki unapohamishwa. Siku utakapouza kwa faida, kuna kodi ya asilimia 10 ya faida hiyo kwa mkazi. Faida inahesabiwa kwa kutoa gharama zenye vielelezo, kwa hiyo kila risiti ya usafishaji, mpimaji na wakili ni fedha. Mali bila daftari huisha bila habari. Fungua faili moja kwa kila kiwanja, lenye mkataba, risiti za benki, upekuzi na picha za bikoni zenye tarehe. Malipo yaende akaunti ya kampuni, kamwe si namba ya simu ya afisa mauzo.

Eneo linatofautiana sana ndani ya mwendo wa dakika kumi. Mapinga na Kerege zinanufaika na watu wanaosukumwa nje na bei za Dar es Salaam, na nyumba ya kupangisha inapata mtu. Zinga, Kiromo na Mlingotini bei ilipandishwa na matarajio ya bandari ya Mbegani. Makubaliano yake yalisainiwa 2013, na 2019 mradi ukasimamishwa. Ukinunua huko, hesabu yako isimame hata bandari isipojengwa, na uthibitishe kwamba kiwanja hakimo ndani ya eneo lililotengwa kwa ajili ya uwekezaji. Viwanja vya "kuona bahari" vipimwe kwa mkanda: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kipande hicho usikilipie kana kwamba utakijenga.

Nenda saitini wakati wa masika, Aprili hasa. Kiangazi huficha mbuga ya mfinyanzi inayotuamisha maji, na msingi juu yake hula nondo na zege kuliko ulivyopanga. Waulize majirani maji ya kisima yana ladha gani, maana karibu na bahari chumvi ni ya kawaida, na maji hayo hayafai kukorogea zege lenye nondo. Bomba la mamlaka ya maji, DAWASA, likiwa mbali, gharama ya kulivuta uiweke kwenye bei ya kiwanja leo.

Mikataba ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mingi inaeleza kwa urefu mteja akichelewa atakatwa nini, na haina sentensi moja ya kampuni ikichelewesha hati. Dai ziingizwe: tarehe ya kukabidhi hati, nani analipia, fedha zinarudi vipi na kwa muda gani. Mwenye shamba la asili akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenza iwe imeambatishwa kwenye mkataba wake na kampuni. Bila hiyo mgogoro unaweza kukufikia hata kama umeshajenga. Soma pia matumizi yaliyoandikwa. Kiwanja cha makazi hakitakupa kibali cha kujenga nyumba ya wageni.

Baada ya mauzo, kampuni nyingi hupoa. Njia iliyochongwa kwa greda siku ya kuonyesha wateja inaota nyasi baada ya mvua mbili, na hati huwa na masharti ya kuendeleza kiwanja kwa muda maalumu, jambo ambalo dawati la mauzo halilitaji. Tunampa alama nzuri anayenunua kimoja au viwili Mapinga au Kerege, kwenye mradi wenye ramani iliyosajiliwa na hati mama isiyo na rehani. Anayetaka kumi kwa mpigo apeleke fedha zake kwa mwenye shamba lenye hati, na alipie mchoro, upimaji na hati mwenyewe. Atenge njia na maeneo ya wazi kama asilimia 20 ya kila ekari, na kila ekari itambakizia viwanja vinane vya mita za mraba 400, vyote kwa jina lake.