Benki gani kwa anayeishi Ujerumani na kutuma pesa Kenya au Tanzania

Anayehamia Ujerumani kutoka Nairobi au Dar es Salaam huuliza: benki gani ni nzuri? Jibu langu ni kwamba usitafute benki moja. Kuna kazi tatu hapa: kupokea mshahara na kulipa kodi ya nyumba, kuvusha pesa hadi Afrika, na kupata mahali salama pa kuzipokea zikifika. Benki inayoifanya vizuri kazi ya kwanza mara nyingi hutoza ghali mno kwa kazi ya pili. Kwa hiyo nimepanga kila kundi peke yake, ninayoipendekeza zaidi ikitangulia. Ninayemfikiria ni mwanafunzi, muuguzi au fundi ambaye mwisho wa mwezi kuna mama, mtoto au ndugu anayesubiri ujumbe kwenye simu.

Mwanafunzi aanzie hapa

Kwa viza ya masomo, wengi hutakiwa kuweka euro 11,904 kwenye Sperrkonto, akaunti iliyofungwa ambayo hukuachia euro 992 kila mwezi. Kati ya kampuni zinazotoa akaunti hiyo, Fintiba na Expatrio ndiyo majina utakayoyasikia sana. Linganisha ada zao, mengine yanakaribiana. La muhimu ni siku ya kutuma. Mwambie mhudumu wa benki yako ya nyumbani kwamba gharama zote za njiani unazibeba wewe mtumaji (kwenye fomu huandikwa OUR). Usipofanya hivyo, benki za katikati zinaweza kukata kidogo kidogo, pesa zifike pungufu, na uthibitisho wa ubalozi ukwame kwa sababu ya euro chache. Ukishafika, Sperrkonto inahitaji akaunti ya kawaida ya kumwagia hizo 992, ndiyo sababu sehemu inayofuata haingoji.

Akaunti ya mshahara na kodi ya nyumba

Nafasi ya kwanza, kwa mwaka wa kwanza, naipa Sparkasse, yaani benki ya akiba ya mji unaoishi. Najua ina ada ya mwezi, na kiasi hutofautiana kwa kuwa kila Sparkasse inajitegemea. Lakini unaingia na pasipoti yako na karatasi ya kusajiliwa makazi, unakaa mbele ya mtu, anakutazama, anafungua akaunti. Benki za mtandaoni hukutaka ujitambulishe kwa video, na si kila pasipoti ya Afrika inakubaliwa na mfumo huo. Mgeni asiye na historia yoyote ya mikopo Ujerumani hana sababu ya kupoteza wiki kadhaa akipigania akaunti ya bure huku mwajiri anadai namba ya akaunti. Volksbank, benki ya ushirika, ni chaguo la aina hiyohiyo. Ukiwa mwanafunzi au kijana, uliza kama kuna akaunti isiyo na ada.

Nafasi ya pili ni DKB au ING, benki za mtandaoni, ukishatulia na mshahara unaingia kila mwezi. Hapo ada ya mwezi inaweza kutoweka kabisa. DKB ina faida moja kubwa kwa watu wetu: mteja anayeingiziwa angalau euro 700 kwa mwezi hatozwi na benki hiyo ada ya fedha za kigeni akitumia kadi yake ya Visa nje. Ukienda likizo Mombasa au Moshi, hiyo ndiyo kadi ya kubeba. Mashine ya ATM ya huko inaweza kuwa na ada yake yenyewe, na hiyo hailipiwi na DKB. Na mashine ikikuuliza kama unataka ikukokotolee kwa euro, kataa. Chagua shilingi kila mara, maana kiwango cha mashine huwa kibaya kuliko cha kadi.

N26 ya Berlin naiweka ya tatu. Programu yake ni rahisi kwa asiyejua Kijerumani, na ni benki kamili yenye leseni. Mwaka 2021 BaFin, mamlaka inayosimamia benki Ujerumani, iliiwekea ukomo wa idadi ya wateja wapya kwa sababu ya udhaifu katika kuzuia utakatishaji wa fedha. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2024. Kwa anayerudi nyumbani mara kwa mara, kasoro yake ni kwamba akaunti ya kawaida hukata asilimia 1.7 kila unapotoa pesa zisizo za euro kwenye mashine.

Deutsche Bank na Commerzbank ni imara, ila kwa mahitaji yetu sioni wanachozidi.

Wise na Revolut, kampuni za fedha za mtandaoni, pia hutoa namba za akaunti za Ulaya, na sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kuikataa namba kwa sababu tu ni ya nchi nyingine ya Umoja huo. Hata hivyo wapo wenye nyumba na ofisi za mishahara wanaosumbua wakiona namba isiyoanza na DE, alama ya Ujerumani. Kuwa na ya DE kunakuondolea mabishano.

Ukikataliwa kila mahali, usikate tamaa. Tangu mwaka 2016 sheria ya Ujerumani inampa kila mtu aliye kihalali katika Umoja wa Ulaya haki ya akaunti ya msingi, Basiskonto, hata kama ni mwombaji wa hifadhi au hana makazi ya kudumu. Jaza fomu ya Basiskonto yenyewe na sema neno hilo kaunta. Benki ina siku kumi za kazi kukujibu.

Kuvusha pesa

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua, kwa sababu macho yote yako kwenye ada, na ada si gharama yote. Gharama kubwa hujificha kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Tuseme sokoni euro moja ni shilingi 150 za Kenya. Kampuni ya kwanza inakwambia "bila ada" lakini inakupa 146: euro 300 zinafika zikiwa 43,800. Ya pili inatoza ada ya euro 3 lakini inakupa 150 kamili: zinafika 44,550. Iliyojitangaza kuwa ni ya bure imekula shilingi 750 zaidi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja tu: nikitoa euro hizi, shilingi ngapi zinafika mkononi mwa mpokeaji? Tazama kiwango cha siku hiyo mtandaoni kabla hujabonyeza.

Kwa miaka mingi takwimu za Benki ya Dunia zimeonyesha kwamba kutuma pesa Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko kanda nyingine zote, karibu asilimia 8 ya kila dola 200, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tofauti hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, na inakatwa kwa wenye mishahara midogo. Inaniuma kila ninapoifikiria, na ndiyo maana nasisitiza kulinganisha.

Ya kwanza kwangu ni Wise. Inatumia kiwango cha soko na kuonyesha ada yake waziwazi, kwa hiyo hata usipoitumia ni kipimo kizuri cha kuwapimia wengine.

Ya pili ni kundi la programu za kutuma moja kwa moja kwenye simu: NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, pamoja na Sendwave, Remitly na wenzao. Siku nyingine huishinda Wise, hasa kwa viasi vidogo. Weka mbili kwenye simu na linganisha kila unapotuma. Angalia sana kiwango kitamu cha mteja mpya: mara nyingi ni cha mwamala wa kwanza tu, wa pili unarudi kwenye bei ya kawaida.

Ya tatu ni uhamisho wa benki kwa benki kupitia SWIFT, mtandao wa mawasiliano wa benki za dunia. Kwa euro 200 ni hasara tupu. Kwa malipo ya kiwanja au nyumba una maana, kwa sababu unaacha karatasi zinazoeleweka na kila benki, na pesa zinaweza kutua zikiwa bado euro. Ukituma zaidi ya euro 50,000 nje ya Ujerumani, unatakiwa kutoa taarifa kwa Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani.

Western Union na MoneyGram kwa pesa taslimu naziweka mwisho. Ni msaada pale tu mpokeaji hana simu wala akaunti.

Na unapoilipa programu yoyote, ilipe kwa uhamisho wa benki badala ya kadi ya mkopo. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi za euro zinalazimika kutuma uhamisho wa papo hapo kwa bei isiyozidi ya ule wa kawaida. Pesa zinafika ndani ya sekunde kumi, hivyo hakuna tena haja ya kulipia haraka.

Zitue wapi

Kwa matumizi ya nyumbani, pochi ya simu haina mpinzani. Kenya, M-Pesa inapokea hadi shilingi 250,000 kwa mwamala mmoja na kuhifadhi hadi 500,000. Kwa mama aliye kijijini, ongeza na ya kutolea, asikatwe kwenye hela ya dawa.

Kwa ujenzi na akiba, fungua akaunti kwa jina lako mwenyewe. Equity, KCB na Co-operative zina huduma kwa Wakenya walio nje. CRDB ina akaunti ya Tanzanite kwa Watanzania. Fundi na duka la vifaa uwalipe wewe kutoka kwenye akaunti hiyo, kwa hatua, dhidi ya picha na risiti.

Kuna jambo moja la kodi ambalo wengi hawalijui. Ukiwatunza wazazi wasiojiweza walio nyumbani, Ujerumani inaweza kukupunguzia kodi ya mapato, kwa kiwango kinachoshushwa kulingana na hali ya maisha ya nchi yao. Ndugu na binamu hawahesabiwi. Tangu mwaka wa kodi 2025, msaada wa pesa unakubaliwa ukitumwa kwa uhamisho wa benki hadi akaunti ya anayetunzwa. Noti ulizompa mkononi wakati wa likizo hazihesabiki tena. Mfungulie mzazi akaunti ya benki kwa jina lake, pitisha humo msaada wa kila mwezi, na tunza taarifa za akaunti pamoja na fomu ya uthibitisho wa uhitaji iliyogongwa muhuri na mamlaka ya huko.

Mwisho, laini ya simu. Benki za nyumbani hutuma namba za siri za kuthibitisha miamala kwa ujumbe mfupi, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kuuzwa kwa mtu mwingine. Kabla ya kupanda ndege, iulize benki yako kama inakubali namba ya Ujerumani au uthibitisho ndani ya programu. Isipokubali, nunua simu ndogo ya laini mbili, washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje, na uiwekee laini hiyo salio kila baada ya muda.