Uzoefu wangu na gemu za kidijitali za kompyuta: kulipia ruhusa

Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikinunua gemu za kompyuta kwa njia ya kidijitali pekee, kwa sababu kompyuta nyingi za siku hizi hazina hata mahali pa kuingizia diski, na kwa sababu urahisi wake haukanushiki. Tathmini hii haihusu ubora wa gemu zenyewe, ambazo nyingi ni kazi za ustadi mkubwa. Inahusu kile anachokabidhiwa mnunuzi baada ya pesa yake kupokelewa, na jinsi anavyotendewa tangu siku hiyo.

Nichukue gemu moja ambayo nimeicheza sana, na ambayo ni ya mchezaji mmoja tu, isiyo na wapinzani wala washirika wa mtandaoni. Ninapoibofya, haifunguki yenyewe. Inafunguka kwanza programu ya duka nililoinunulia, ambayo mara nyingi hutaka kujisasisha kabla ya kufanya lolote. Duka likisharidhika, linaiita programu ya pili, ya kampuni iliyotoa gemu, nayo inadai akaunti yake tofauti, yenye nenosiri lake, pamoja na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa barua pepe. Namba hiyo ina muda wake wa kutumika, na si mara moja imenifikia ikiwa imeshapitwa. Baada ya hapo huja masharti ya matumizi yaliyobadilishwa, ambayo hakuna anayeyasoma na ambayo hayana kitufe cha kukataa na kuendelea kucheza. Ndipo gemu inapoanza kuandaa sheda zake, yaani maelekezo ambayo kadi ya michoro inayahitaji ili kuchora taswira, na ninabaki nikiutazama mstari ukitambaa kwenye skrini.

Yote hayo ningeyavumilia kama yasingetegemea intaneti. Siku moja mtandao ulikatika, nikaona ndio wasaa mzuri wa kucheza gemu isiyohitaji mtu mwingine, lakini nilipoifungua nikaambiwa kwamba umiliki wangu haukuweza kuthibitishwa. Duka lilikuwa na hali ya kutumika nje ya mtandao, nayo ilifanya kazi bila tatizo. Iliyogoma ni ile programu ya pili, ambayo ilitaka niwe nimeingia mtandaoni kwanza ndipo iniruhusu kutoka mtandaoni. Mtandao uliporudi niliwaandikia huduma kwa wateja nikieleza kwa kirefu kwamba gemu haifunguki pasipo intaneti. Jibu lao, lililoandikwa kwa adabu nyingi, lilinishauri nihakikishe kwamba kompyuta yangu imeunganishwa na intaneti.

Chanzo cha usumbufu huu si uzembe wa mafundi, kwa kuwa mfumo mzima umejengwa juu ya wazo kwamba mnunuzi hamiliki gemu, bali amepewa leseni ya kuitumia, na leseni hukaguliwa. Wazo lenyewe si geni. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilianza mwaka 2003, na mwaka 2004 hata waliobeba gemu ya Half-Life 2 dukani ikiwa kwenye diski walilazimika kuisajili katika akaunti ya Steam kabla ya kuicheza. Kilichobadilika karibuni ni kwamba jambo hili sasa husemwa waziwazi: sheria ya jimbo la California, iliyoanza kutumika Januari 2025, inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wasitumie neno la kununua bila kumfahamisha mteja kwamba anapewa leseni tu. Uwazi huo naukubali, ingawa haumwongezei mnunuzi haki hata moja.

Leseni inaweza pia kufutwa. Kampuni ya gemu ya Ubisoft ilizima seva, yaani kompyuta zake za mtandaoni, za gemu ya magari The Crew mwishoni mwa Machi 2024, na kwa kuwa gemu hiyo haikuweza kuchezwa bila seva, hata na mtu aliyetaka kuendesha gari peke yake, waliokuwa wameilipia walibaki mikono mitupu. Baadaye wengine wakakuta hata leseni yenyewe imeondolewa kwenye akaunti zao. Kuiuza gemu ukishaichoka nako hakuwezekani. Mahakama ya Paris iliamua mwaka 2019 kwamba wateja wa Steam wana haki ya kuuza gemu zao zilizotumika, lakini mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2022.

Kuhusu kurudishiwa pesa, Steam ina utaratibu ulio bora kuliko nilivyotarajia: mteja anaweza kuomba ndani ya siku 14 tangu anunue, mradi hajacheza kwa saa mbili. Tatizo ni kwamba saa huanza kuhesabiwa gemu inapofunguliwa, na programu ya pili ya mchapishaji inapokuwa wazi, muda huo nao huhesabiwa. Dakika unazotumia kufungua akaunti, kusubiri namba na kuandaa sheda zinakatwa kwenye muda wako wa majaribio, na gemu yenye matatizo mengi ya kiufundi ndiyo inayoumaliza muda huo upesi zaidi.

Juu ya ukubwa wa mafaili sina mengi ya kusema: gemu kubwa za sasa huzidi gigabaiti 100, na mwenye intaneti ya kusuasua anajua maana yake.

Siku hizi, kabla ya kulipa, ninasoma sehemu ya ukurasa inayoeleza kama gemu inahitaji akaunti ya kampuni nyingine au ina kufuli za kidijitali, yaani ukaguzi wa leseni unaozuia gemu kufunguka, na nikizikuta kwenye gemu ya mchezaji mmoja, siinunui. Inapowezekana ninanunua GOG, duka jingine la mtandaoni, ambako gemu huuzwa bila kufuli hizo. Huko nako ninachopewa kisheria ni leseni, lakini ninapakua faili la kusakinishia, ninaliweka kwenye diski yangu ya nje, na linafunguka hata pasipo mtandao. Kasoro zake zipo: gemu kubwa nyingi huchelewa kufika huko au hazifiki kabisa, na asiyetumia programu ya duka hilo hulazimika kupakua kila sasisho kwa mkono. Kwa gemu za namna hiyo natoa nyota nne kati ya tano. Kwa ile gemu yangu yenye milango miwili natoa mbili, na zote mbili ni za waliotengeneza gemu yenyewe.