Leso na kikoi: matangazo mawili

Ukipita Biashara Street hapa Mombasa, utaona leso zimetundikwa ubavuni mwa vikoi, mlango mmoja. Zikifika kwenye tangazo hutenganishwa, na ndipo mambo yanapoharibika.

Tangazo la mtindo wa zamani nalijua vizuri. Mwanamke kajitanda leso, kainamisha uso, sinia la chai mkononi. Mwanamume wa kikoi kasimama wima, atazama bahari kama ni yake. Kitambaa chenyewe hukioni sawasawa. Kinachouzwa ni cheo cha kila mmoja. Linanikera, maana mama zetu walijifunga leso hizo hizo kibwebwe wakapika mahamri alfajiri, wakauza, wakalipa karo. Tena leso ina jina: maandishi yake husema lile ambalo mwenye kuivaa hakutaka kulitamka. Hiyo si nguo ya mtu bubu.

Tangazo la pili huonyesha watu kazini: mama muuza samaki na leso kiunoni, fundi wa kiume akipinda leso kwa cherehani, msichana kajifunga kikoi ufuoni, jambo la kawaida siku hizi. Picha ni nyingi, kwa hivyo gharama hupanda.

Uingereza ilianza Juni 2019 kukataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoweza kudhuru. Kwetu, kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa kijinsia, lakini picha huchaguliwa na mwenye duka. Mimi ningemchagulia la pili, hata kama ana pesa za picha moja tu: ya yule fundi.