Risiva ipi ya kuundia bunduki ya bolti nyumbani? Tazama jino kabla ya bei

Msomaji mmoja aliyeko Marekani aliniandikia kwa uchungu. Amenunua risiva (ule mwili wa chuma unaoshika mtutu na kubeba bolti, yaani komeo la kuvuta kwa mkono linaloingiza risasi na kufunga nyuma yake) inayosifiwa na kila mtu, mtutu wa gharama na kitako cha kupendeza, akaviunganisha mwenyewe gereji, na bunduki haitulii. Risasi tatu za kwanza zinakaa pamoja, ya nne na ya tano zinashuka, na kesho yake zote zimehamia kushoto. Ameshabadili darubini, ameshabadili aina ya risasi. Aliyemuuzia kitako kamwambia tatizo ni mtutu. Aliyemuuzia mtutu kamwambia tatizo ni mpigaji. Nilimwomba alegeze skrubu, anyanyue chuma kutoka kwenye kitako na kunitumia picha ya tumbo la risiva. Jino lilikuwa limekaa mshazari.

Jino ninalolisema ni kile kipande cha chuma kinachochomoza chini ya risiva, mbele, karibu na mtutu. Kitako, yaani ile mbao au faibaglasi yote inayobeba chuma, kina tundu la kulipokea. Risasi inapokwenda mbele bunduki hupiga teke kurudi nyuma, na teke hilo linatakiwa kupokelewa na uso wa nyuma wa jino ukiwa umelala barabara kwenye ukuta wa tundu. Likikaa mshazari, kona moja ndiyo inayobeba mzigo. Kila mlio unaisokota risiva kidogo, skrubu zinafanya kazi isiyo yao, mbao inabonyea, na baada ya muda ufa unaanza nyuma ya mkia wa risiva. Mtutu wowote ule, uwe wa bei gani, hauwezi kutulia juu ya msingi kama huo.

Miongozo mingi ya kununua inaanza na triga (kifyatulio), uzito na ulaini wa bolti. Mimi hayo nayaruka. Triga hutolewa kwa pini au skrubu ikawekwa nyingine mezani. Usahihi unaotangazwa kwenye maboksi ni wa mtutu na kitako zaidi kuliko jina lililochongwa ubavuni mwa risiva. Jino ndilo utakaloishi nalo siku zote, na ndilo lisiloandikwa kwenye tangazo.

Jambo la sheria, kwa ufupi, na ni la Marekani tu. Tangu sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 1968, risiva peke yake huhesabiwa kuwa bunduki: hupitia kwa muuzaji mwenye leseni, mnunuzi hujaza Fomu 4473, na siku hizi rekodi yake huchunguzwa pia. Mtutu, kitako na triga ni vipuri, lakini majimbo mengine yana masharti ya ziada, kwa hiyo soma ya jimbo lako kwanza. Mtutu usipungue inchi 16, na usiunde bunduki kwa nia ya kuiuza bila leseni. Aliye nchi nyingine afuate sheria za kwake, ambazo aghalabu ni tofauti kabisa. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: kitako kibaya unakirudisha kwa posta, ila risiva ukishaisaini na kutoka nayo dukani, kuirudisha ni safari nyingine ya leseni na ada.

1. Howa 1500

Naipendelea na sifichi. Inatengenezwa Japani, na ndiyo ambayo kampuni ya Weatherby imeiuza kwa jina la Vanguard, hivyo Vanguard iliyotumika ikipatikana kwa bei nzuri ujue ni ukoo ule ule. Jino la Howa halikuunganishwa na risiva, limefuliwa pamoja nayo kutoka kipande kimoja cha chuma. Tumbo lake ni bapa. Bapa likikaa juu ya bapa halibingiriki kulia wala kushoto, kwa hiyo hata kabla hujagusa epoksi, ile gundi ngumu ya kujaza nafasi kati ya chuma na kitako, nusu ya kazi ya kulaza risiva kwenye kitako imeshafanyika kiwandani. Na siku utakayobadili mtutu, jino halisogei, kwa kuwa halina pa kwenda.

Kitu kingine kinachonifanya niipe nafasi ya kwanza kwa mtu mwenye bajeti finyu: huko Marekani inauzwa risiva ikiwa na mtutu na triga tayari, bila kitako. Nunua hivyo. Tafuta kitako kizuri, kilaze vizuri, piga na mtutu wa kiwandani mpaka uchoke nao. Wengi hugundua kwamba mtutu ule waliotaka kuutupa ulikuwa hauna shida yoyote. Hapo fedha ya mtutu mpya inabaki mfukoni au inaingia kwenye risasi za mazoezi, ambazo zitakusaidia zaidi.

Kasoro zake zipo. Ni nzito. Hesi zake, ile mikato ya kukazia mtutu, ni za milimita, kwa hiyo mitutu ya kuchagua ni michache kuliko ya Remington. Mtutu wa kiwandani hukazwa sana. Bila jiliwa imara na spana inayolingana na tumbo bapa utaumiza chuma. Pia kuna Howa Mini, ambayo ni ndogo na ina kitako chake. Usiagize kitako cha 1500 ya kawaida ukidhani itaingia.

2. Savage 110

Hii imekuwa sokoni tangu 1958, na kwa anayefanya kazi nyumbani bila mashine ya kukereza ina faida moja kubwa: mtutu wake hushikwa na nati. Kwenye bunduki za kawaida fundi hulazimika kukereza bega la mtutu mpaka nafasi kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapokaa iwe sawasawa. Kwenye Savage unaingiza geji, kipimo cha chuma chenye umbo la risasi, ndani ya chemba, unafunga bolti juu yake, unazungusha mtutu taratibu mpaka uguse geji, kisha unafunga nati.

Geji zenyewe usizikwepe. Zinakuwa mbili: ya kwanza bolti lazima ifunge juu yake, ya pili bolti isifunge. Kwa risasi ya .308 Winchester ya kwanza ni inchi 1.630 na ya pili 1.634, tofauti ya elfu nne tu za inchi. Nafasi ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka karibu na uso wako. Asiye na geji, au mwenye shaka hata kidogo, ampelekee fundi mwenye leseni aipime kabla risasi ya kwanza haijaingia.

Kwa nini basi iko ya pili? Jino. Kwenye Savage jino ni kama washa nene iliyobanwa kati ya nati na risiva. Lina kidole kidogo kinachoingia kwenye pengo la risiva ili lisizunguke, na hilo linaliokoa, lakini tumbo la risiva ni la duara, kwa hiyo ulazaji unadai uangalifu kuliko Howa.

3. Remington 700 na ndugu zake

Ilitoka mwaka 1962 na hakuna risiva yenye vipuri vingi kuliko hii. Vitako, triga, magazini, mitutu, vyote viko. Ipo hata mitutu ya kufungwa kwa nati ya mtindo wa Savage juu ya risiva ya Remington; watu wa kazi huuita mchanganyiko huo Remage.

Ila tazama jino lake. Ni pete yenye mkia, nyembamba, imebanwa kati ya bega la mtutu na uso wa risiva, bila pini wala pengo la kuishika. Unapokaza mtutu, pete inazunguka nao. Digrii chache tu zinatosha jino kuingia kwenye tundu likiwa limeinama. Tumbo nalo ni la duara, hivyo hakuna cha kukuonyesha kwamba mambo yamekwenda kombo mpaka uwanja wa shabaha ukuambie. Dawa ipo: nunua jino nene lililosagwa sawasawa, na kifaa cha kulishikilia wakati wa kukaza, au mpe fundi alitoboe na kulitia pini. Hayo yote ni fedha. Ukiyajumlisha unaona kwamba risiva iliyoonekana rahisi imekuwa sawa na nyingine.

Warsha ndogo za Marekani sasa zinatengeneza risiva za vipimo vya Remington 700 zenye jino lililochongwa pamoja na mwili au lililotiwa pini. Mwenye uwezo wa kuzinunua aziweke juu ya Howa bila ubishi. Bajeti finyu hazifiki huko.

4. Tikka T3x

Hii hutoka Finland, kwa kampuni ya Sako. Bolti yake ni laini ajabu na sina neno baya juu ya mtutu wake. Jino liko kinyume na zote: ni kipande kinachokaa ndani ya kitako, na risiva ina mfereji wa kukipokea. Kwenye T3 ya zamani kipande hicho kilikuwa cha alumini na kilibonyea. T3x ya mwaka 2016 ikaleta cha chuma. Ukikuta T3 iliyotumika, toa kitako ulitazame. Shida ni kwamba mara nyingi unalazimika kununua bunduki nzima ili upate risiva, na mtu aliyelipa bunduki nzima ya Tikka hana sababu ya kuibomoa.

Za bei ya chini

Ruger American hukaa kwenye vitalu viwili vya V ndani ya kitako chake chenyewe. Iache humo, vitako mbadala ni vichache. Mauser 98 ya jeshi ina jino bora la asili, lakini kazi ya fundi itakula kila ulichookoa.

Sasa niwaseme wauzaji. Bei ya risiva inayotangazwa kwa maandishi makubwa ni ya mwili mtupu. Hakuna triga, hakuna magazini, hakuna bamba la chini, wakati mwingine hata reli ya darubini hakuna. Mtutu wa nati mara nyingi unauzwa bila nati. Kisha ada ya duka lenye leseni la kupokelea, kisha posta. Mtu mwenye kipato cha kawaida anaingia akiwa na hesabu moja na kutoka na nyingine, na muuzaji alijua tangu mwanzo. Na wanaouza vitako kwa madai kwamba risiva "inaingia moja kwa moja" wanapotosha watu. Kuingia kunaingia, swali ni jino linaegemea nini. Sijawahi kuona tangazo la kitako lenye picha ya wazi ya tundu la jino, na kwa vile picha hiyo haigharimu chochote, naamini hawaitaki ionekane.

Kwa hiyo weka fungu la epoksi ya kulazia tangu siku ya kwanza, hata kwa Howa. Uso wa mbele wa jino, pande zake na chini yake bandika utepe, ili pabaki upenyo mwembamba. Uso wa nyuma uache wazi, ndio utakaoshikana na ukuta mpya. Chuma chote kipake dawa ya kuzuia gundi, pamoja na hesi za skrubu, maana epoksi ikishaganda humo risiva haitoki.

Dukani, kabla ya kusaini chochote, omba risiva igeuzwe tumbo juu. Weka rula ndogo kwenye uso wa nyuma wa jino, tazama kwa mwanga kama pana mwanya, na kama jino limesimama wima kulingana na matundu ya skrubu. Muuzaji akikataa kuigeuza, mwachie.