Mfuko wa zawadi za kripto: tuufungue pamoja

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni. Leo niko Lamu, nimekaa barazani, na mbele yangu pana mfuko aliogawiwa binamu yangu kwenye semina ya sarafu za kidijitali, yaani kripto. Jina la kampuni nimeliziba kwa utepe, maana ninachotaka mkione ni vitu vyenyewe. Na niseme mapema: vimenikasirisha.

Tuanze na fulana. Nyeusi, ya polista, alama kubwa ya bitkoini, mojawapo ya sarafu hizo, kifuani, na mgongoni imeandikwa kwamba mvaaji anamiliki sarafu hizo. Nimeshika kitambaa, hakinyonyi jasho. Kwa joto la kaskazi, ukitoka Mkunguni kufika Langoni ushalowa chepechepe. Lakini joto si hoja kubwa, hoja ni hayo maandishi. Bitkoini ikishahamishwa na muamala ukathibitishwa, hakuna meneja wa kumpigia simu akurudishie. Ndiyo maana wanaozijua sarafu hizi hawajitangazi. Januari 2025, huko Ufaransa, David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, kampuni inayotengeneza vifaa vya kutunzia funguo za kripto, yaani namba za siri zinazomwezesha mtu kuzitumia, alitekwa nyumbani kwake. Watekaji walimkata kidole wakidai walipwe kwa kripto. Sasa kijana wa hapa anayepita Usita wa Mui, ambako kila mtu anaijua nyumba ya kwao, unamvalisha nguo inayosema anazo?

Hii hapa sarafu ya rangi ya dhahabu. Nisogezee kamera. Ina ile herufi B yenye mistari, ina uzito mzuri, ila ukingoni rangi ishaanza kubabuka. Ndani hamna bitkoini hata chembe. Ziliwahi kuwepo sarafu za kushikika zenye bitkoini kweli: Casascius, za Mmarekani Mike Caldwell, zilizoanza 2011, zikiwa na ufunguo wa siri uliofichwa chini ya stika. Hii ni pambo tu. Mzee mmoja hapa barazani ameishika, akaniuliza sonara atampa shilingi ngapi. Hakukosea kuuliza. Aliyeigawa ndiye hakueleza kwamba bitkoini ni hesabu kwenye daftari la pamoja, linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani.

Flashi, usichomeke. Hujui mna nini ndani. Tuendelee.

Kadi sasa. Hii ndiyo iliyonifanya nirekodi. Ni ngumu, imechapwa kwa umaridadi, na ina sehemu ya kukwangua kama kadi ya salio. Ukikwangua unakuta maneno 12 ya Kiingereza. Maelekezo yanasema: pakua programu ya pochi ya kutunzia kripto, ingiza maneno haya, uko tayari. Jamani! Maneno hayo ndiyo pesa yenyewe, kwa kuwa funguo zote za pochi huzaliwa humo. Simu yako au kifaa chako ndicho kinachotakiwa kuyateua, bila mpangilio wowote, kutoka kwenye orodha ya maneno 2048, nawe peke yako uyaone. Yakishachapwa kiwandani, aliyeyachapa anayo. Wewe utaweka pesa leo, utaongeza mwezi ujao, naye anangoja zinone. Sisemi kampuni hii imekusudia wizi, pengine ni mtu wa matangazo tu aliyedhani amerahisisha mambo. Kwa binamu yangu hasara ingekuwa ile ile.

Na Wakenya tunajua nguvu ya zawadi. Mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, wapigwe picha mboni za macho na mradi wa kripto wa Worldcoin ili wapewe tokeni 25, yaani sarafu zake za kidijitali, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za watu zifutwe. Siwezi kuwalaumu waliopanga foleni, shilingi 7,000 ni chakula cha nyumba. Mimi namdai anayegawa. Yeye ndiye anayejua kitu alichokitia mkononi mwa mtu kinafanya nini.

Wangegawa nini basi? Kikoi. Kikoi kizuri cha pamba, jina la kampuni dogo pembeni, neno bitkoini lisitajwe. Kitavaliwa mpaka kichakae. Na kwa aliyeamua kununua sarafu, wangempa kibati kitupu cha chuma cha pua na msumari wa kuchorea, ajiandikie maneno yake mwenyewe. Hapa kwetu hewa ya chumvi inaila karatasi, na wino haudumu. Kitu hicho ningekipa alama tisa kwa kumi. Fulana naipa mbili, sarafu moja, kadi sifuri.

Na kama wewe uligawiwa kadi ya namna hii na ushaweka pesa, usingoje. Fungua pochi mpya, iache simu iteue maneno mapya, yaandike kwa mkono wako, kisha hamishia kila kitu huko. Kuifuta programu hakusaidii, kwa sababu mwenye maneno yale ataifungua pochi ile ile kwenye simu yake, popote alipo. Ya binamu yangu tuliihamisha jana usiku. Ada ya muamala ilimmega kidogo, zilizobaki zote anazo mwenyewe.